Muhogo wa Kuvundika

Goma ina kila chakula. Hata pizza ipo, yenye jibini ya Masisi, wanayoila watu wa mashirika huku wakitazama ziwa. Niliionja siku moja kwenye harusi, nikaona ni mkate tu uliomwagikiwa na mchuzi. Kitu ambacho Goma haikuwa nacho, mwaka ule vita vilipotutoa upande wa Beni, ni unga ambao baba yangu angeukubali.

Mimi nilikuwa nimetangulia, nimepanga vyumba viwili mtaa wa Katoyi. Baba alinifuata kwa pikipiki na magari ya mizigo, kwa sababu mguu wake mbovu usingemruhusu kukimbilia porini. Mama alibaki kuvuna maharage, aje baada ya wiki mbili. Hakuja. Wenye mapanga waliingia kijijini, na katekista wa parokia yetu akanipigia simu kuniambia kwamba walikuwa wamemzika pamoja na wengine, nyuma ya kanisa. Nilimshukuru. Nilikata simu, nikaendelea kufua.

Sikumwambia baba; yeye alidhani mama bado yuko njiani. Kila asubuhi nilijiambia nitasema mchana, na mchana nilijiambia nitasema akishakula. Lakini hakuwa anakula. Alimega tonge, akalinusa, akalirudisha kwenye sahani.

"Hii ni bunga ya duka," alisema. "Haina harufu."

Basi akanywa chai, na kesho yake akanywa chai. Mashavu yalizama, na mkanda wake niliutoboa tundu jipya mara mbili kwa msumari wa moto. Muuguzi wa zahanati alimpima, akasema muzee hana ugonjwa wowote, ila akiendelea hivyo hatufiki naye mbali.

Kuhusu harufu nilimwelewa. Kwetu Wanande ugali tunauita obundu, na ule wa mama haukutoka kwenye muhogo uliolowekwa majini ukawa mweupe kama chaki. Mama alimenya muhogo, akaurundika kwenye kona ya jikoni na kuufunika kwa majani ya migomba na gunia mpaka uote ukungu. Kisha aliukwangua, akauanika, akautwanga. Ugali wake ulikuwa wa kijivu, na ulinuka hata mgeni wa mara ya kwanza akautafuta mlango. Kwa baba hicho ndicho kilikuwa chakula, mengine yote alihesabu ni mambo ya kutafuna.

Kuuliza si ujinga, nikauliza. Nilizunguka masoko, nikasimamisha kila mwanamke aliyesema Kinande. Mmoja aliniapia kwa Bikira Maria kwamba wake ni wa kijivu, na kweli ulikuwa wa kijivu, kwa vumbi la barabara ya mawe ya volkano. Baba hakujisumbua hata kuunusa.

Hapo nikaamua kuvundika mwenyewe. Nilinunua muhogo mbichi kwa akina mama wanaoushusha kutoka mji wa Kiwanja. Majani ya migomba sikuyapata, maana kiwanja chetu kilikuwa mwamba mtupu, hivyo nikafunika kwa kipande cha turubai, lile la wakimbizi. Turubai likafungia unyevu ndani. Siku ya nne nilikuta ute mweusi na wadudu, nikautupa wote. La kuvunda halina ubani. Nilinunua mwingine, nikaufunika kwa gunia na kitenge changu kikuukuu, ukaanza kuota ukungu jinsi inavyotakiwa.

Harufu ikaenea uani. Jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu mwenye mdomo, alipita na kitambaa puani.

"Mama, mulificha mutu aliyekufa mu nyumba?"

Wanawake wote bombani wakacheka. Nami nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile nasikia aibu, lakini wakati ule sikusikia chochote. Watu hudhani mfiwa ana huzuni. Mimi sikuwa na huzuni, nilikuwa na muhogo wa kugeuza asubuhi na jioni, na nilishukuru kuwa nao, kwa sababu kugeuza muhogo ni rahisi kuliko kumwambia mtu kwamba mke wake amekufa.

Niliukwangua, nikauanika juu ya mabati, nikautwanga. Jumapili baada ya misa niliupika kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikampelekea baba kwenye mkeka chumba cha mbele, nikarudi jikoni kusubiri nyuma ya pazia.

Alinusa. Kisha nikasikia anatafuna. Alikula kama alivyokuwa akila zamani, bila kuongea, akipumua kwa pua, mpaka nikasikia vidole vinakwangua sahani. Nilijisemea basi, atapona. Ndipo akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu afike Goma.

"Mama yako anajificha nini huko?" aliita. "Mwambie akuye anisalimie."

Nilisimama pale na mwiko mkononi. Nilifungua pazia.

"Papa, ni mimi nilipika."

Bado alikuwa akitabasamu, akiangalia nyuma yangu.

"Mama haiko tena, papa. Walimuua kule nyumbani. Walimuzika kwa kanisa."

Tabasamu lilichelewa kumtoka. Aliangalia sahani tupu, akaangalia vidole vyake vyenye sombe. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane, kwani nilistahili.

"Tangu lini?"

"Miezi mbili."

"Na wewe ulikuwa unajua. Kila siku ulikuwa unaniletea chakula, na unajua."

"Ndiyo, papa."

Jikoni maji ya chai yalichemka yakamwagika, na hakuna aliyeinuka kuyaipua. Kwetu mtu halii peke yake. Akifiwa, nyumba hujaa, watu hulala chini siku kadhaa, wengine wakimlilia hata wasiyemjua. Baba alinitazama usoni.

"Wewe ulilia na nani?" aliniuliza.

"Siyalia bado, papa."

Alivuta mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akaniachia nafasi kwenye mkeka, nikaketi.