Umeme wa Tope la Nyansurura

Profesa Bernadetha Kisyeri alizaliwa Nyansurura, akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka alipokwenda sekondari. Sasa anafundisha kemia chuo kikuu. Anachunguza bakteria wa kwenye tope wanaotoa umeme kidogo sana, na ametengeneza waya mwembamba usioonekana kwa macho, wa kupimia umeme wa bakteria mmoja mmoja.

Mwaka jana alipokuja likizo alijaza tope la zizini kwenye ndoo kadhaa, akatumbukiza vipande vya kaboni, akaziunganisha. Baada ya siku chache, taa ndogo kama punje ya mtama ikawaka.

Mama yake, Teresia, aliinama kuitazama. "Mwanangu, inamulika nini?"

"Inajimulika yenyewe, mama."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Nikodemo, alisikia neno umeme; mengine hakuyangoja. Alipiga marufuku kufagia mazizi, tope lisipotee. Akaalika mgeni rasmi kutoka wilayani, akafunga turubai, akakodi jenereta mjini Mugumu ili kipaza sauti kitangaze umeme mpya.

"Shikamoo mzee," Bernadetha alimwendea. "Huu ni utafiti tu. Hauchaji hata simu."

"Marahaba. Profesa, usitutie aibu. Wewe taja megawati tu; ni ngapi, tutajaza wenyewe."

Siku ilipofika, mgeni rasmi alikata utepe mbele ya ndoo, akahutubia juu ya viwanda vitakavyojengwa Nyansurura. Taa yenyewe hakuiona, maana ilikuwa imefunikwa na shada la maua aliloandaliwa. Hotuba ilipofika kwenye kiwanda cha tatu, jenereta likaishiwa mafuta. Sauti ikakatika.

"Chomekeni kipaza sauti kwenye ndoo!" mgeni rasmi akaamuru.

Bernadetha akasimama. "Mheshimiwa, kwa spika hizi tungehitaji tope la wilaya nzima."

"Mmesikia?" Nikodemo akaruka. "Wilaya nzima!"

Makofi na vigelegele vikapasuka. Bernadetha alitaka kueleza, lakini kina mama walishamvisha kitenge na kumzungusha wakicheza. Alicheza nao, huku moyoni hasira imemjaa.

Aliondoka na chupa moja ya tope hilo. Maabarani akawapima bakteria wa tope hilo kwa ule waya wake, akakuta umeme wao unauzidi kidogo wa wale aliowazoea. Kidogo tu, lakini furaha ilimkosesha hamu ya kula. Akaandika hivyo hivyo kwenye ripoti: "kidogo."

Mkuu wa idara alimrudishia ripoti, neno hilo amelikata kwa wino mwekundu. Juu yake ameandika: "mapinduzi."