Mbwa Kwenye Banda la Kuku

Katuni niliileta mimi. Napika kwenye hoteli moja ya kando ya barabara kuu, Mikumi, pale malori yanapoegesha ili madereva wapate kula. Jamaa mwenye kibanda cha kuuza nyimbo na filamu alikuwa ananijazia kadi ya simu, akaniambia, "Hii mpelekee mtoto. Ya mbwa. Imetafsiriwa Kiswahili."

Binti yangu alikuwa darasa la pili, akikaa Kilosa kwa mama yangu, maana kazi ya hotelini huanza alfajiri na huisha watu wanapochoka kula. Nilipopata mapumziko nikaenda kuwaona. Tukaegemeza simu kwenye kopo la sukari, mimi na mtoto tukajilaza mkekani. Ilikuwa hadithi ya mbwa wa muoka mikate anayesingiziwa wizi, akafukuzwa, akahangaika milimani kwenye baridi, mpaka mwenye mikate akagundua ukweli, akamfuata na kumkumbatia huku analia. Mama alikaa pembeni akichambua mchele, ametupa mgongo kama asiyehusika. Lakini mchele ulishakwisha chuya zamani, na mkono wake bado ulikuwa unapapasa ungo.

"Mbwa gani huyu anaongea kama mtu wa Dar?" aliuliza.

"Bibi, nyamaza, anafukuzwa!" mtoto akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Na sisi tulikuwa na mbwa. Mama analima mahindi Kisanga, na bila mbwa nyani wanavuna kabla yako. Mahindi yakianza kubeba mbwa hukaa naye huko, yakishavunwa hurudi naye mjini na kulala nyuma ya jiko. Hakuna aliyemchukia, wala hakuna aliyempenda. Mama ni mtu wa swala, hataki mate ya mbwa kwenye nguo zake, kwa hiyo alimtupia ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, akamfukuza akisogelea mkeka. Watoto wa mtaani walimrushia mawe ili tu wamsikie akilia. Binti yangu alikuwa mmoja wao.

Asubuhi baada ya katuni nilimkuta amekata dumu kwa kisu, amelijaza maji na kuliweka kwenye kivuli cha mpapai. Aliwagombeza wenzake waliookota mawe. Akampa mbwa jina la yule wa kwenye simu. Mama alimtazama, kisha akasema, "Kumnywesha maji ni thawabu. Lakini usimguse, utanifulisha nguo kila saa." Nikarudi Mikumi moyo mweupe.

Hazikupita wiki nyingi. Nilikuwa nageuza kuku kwenye mafuta simu ikaita. Mama huwa hanipigii mchana.

"Mtoto ameumwa na mbwa," alisema. "Mkononi. Jirani amempeleka hospitali. Njoo, ila usikimbie kama mwehu barabarani."

"Mbwa gani?"

"Wetu."

Nilivua aproni. Mwenye hoteli aliniona usoni, akasema nenda tu. Fuso lililokuwa linakwenda Kilosa kupakia mahindi likanibeba. Dereva alikuwa anapiga stori tangu tulipoacha lami mpaka tukapita kijiji cha Ulaya, nami nikiitikia bila kusikia. Nilikuwa namkumbuka mkulima mmoja wa kwetu, nilipokuwa mdogo. Aliumwa na mbwa, akafunga kidonda kwa kitambaa, akaendelea na jembe lake. Baadaye sana akaanza kuogopa maji. Sisi watoto tulikatazwa kupita karibu na nyumba ile, lakini sauti yake haikukatazwa kutufikia. Nilimwomba Mungu mambo mawili: mtoto apone, na yule mbwa nimkute ameshauawa.

Nilimkuta binti yangu kwenye benchi la hospitali, mkono umefungwa bandeji, mwingine umeshika andazi. Jirani yetu alisimama kunipisha nikae.

"Shikamoo, mama," mtoto akasema, mdomo umejaa.

Nilimkumbatia, akalalamika kwamba namwumiza.

Nesi alinieleza taratibu, kama anayejua sielewi vizuri kwa wakati ule. Bibi yake alikuwa ameosha kidonda kwa sabuni chini ya bomba, kwa muda mrefu, bila kusikiliza kilio. "Hilo ndilo la kwanza na ndilo kubwa," alisema. "Sindano ya kwanza tumemchoma. Zipo nyingine, usikose hata moja. Huyo mbwa yuko hai?"

"Sijui. Wakimwua itakuwa afadhali."

"Hapana, mama. Afungwe, apewe chakula na maji, mumwangalie siku kumi. Mwenye kichaa hazimalizi. Akizimaliza mzima, mtapumua wote."

Tulipanda bodaboda, mtoto katikati yangu na dereva. Uani tulikuta wanaume wameshika fimbo, kuku wametawanyika kila upande, na mama yangu ameketi kwenye kigoda, mgongo umeegemea mlango wa banda la kuku. Ndani ya banda alikuwa mbwa. Ndipo nilipoelewa kwa nini mama hakwenda hospitali.

"Bibi, tunakuheshimu," alikuwa anasema mmoja wao, jirani wa nyumba ya tatu, "lakini huyo ana kichaa. Tupishe tummalize."

"Una kipimo cha kichaa mfukoni?"

"Si ameuma mtoto!"

"Ameuma mjukuu wangu, si wako. Mkimwua leo nitajuaje kama alikuwa nacho au hakuwa nacho? Hofu hiyo nitakaa nayo mpaka lini? Rudini makwenu na fimbo zenu."

Nilipowaeleza maneno ya nesi wakaondoka mmoja mmoja, wananung'unika. Nilichungulia kwenye upenyo wa mbao. Mbwa alikuwa amejikunja kwenye kona, mkia chini ya tumbo, akinitazama. Kumhurumia bado sikuweza. Lakini ile dua yangu ya pili niliifuta.

Asubuhi bwana mifugo akaja na pikipiki yake. Alisukuma sufuria ya maji ndani kwa kijiti, akachuchumaa kungoja. Mbwa alikunywa yote. Kisha bwana mifugo akamwita mtoto.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba. Hebu niambie, ilikuwaje?"

"Nilimkumbatia."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anakula. Nilimshika kwa nyuma, shingoni. Kwenye katuni ukimkumbatia anacheka."

Bwana mifugo hakucheka. "Wewe ukiwa unakula, mtu akakukaba shingo kwa nyuma, utacheka?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Basi. Huyu hajawahi kukumbatiwa tangu azaliwe. Alidhani anapigwa. Ukimpenda mbwa, muache ale. Muache alale. Akitaka kuja atakuja mwenyewe."

Mama yangu alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. "Hilo hawakulionyesha kwenye simu," akasema.

Niliomba ruhusa kazini. Kila kulipokucha nilitoka kabla ya kunawa uso, nikachungulia. Alikula? Alikunywa? Anatoa ute mdomoni? Siku moja alikataa ugali, na mimi pia sikula siku hiyo, mpaka jioni mama alipochanganya dagaa na mbwa akalamba sufuria. Mtoto alikaa kwenye kigoda mbali na banda, akimsimulia mambo ya shule kupitia ukuta wa mbao. Kwenye sindano hakulia. Kuku walilala jikoni kwetu na kuchafua kila kitu, na mama, ambaye kwa unyoya mmoja sakafuni huwa anafagia nyumba nzima, aliwasogeza tu kwa mguu akawasha moto.

Siku ya mwisho bwana mifugo alifungua mlango. Mbwa alitoka polepole, akajinyoosha mbele na nyuma, akapiga miayo, akaenda kukojoa kwenye mpapai. "Mzima kabisa," alisema, akamchoma chanjo pale pale, huku mama amemshikia kamba kwa mkono uliofungwa mfuko wa plastiki. "Mumalizie tu sindano za mtoto. Na huyu kila mwaka achanjwe."

Nilikaa chini uani, kwenye mavi ya kuku, nikacheka mpaka jirani wa nyumba ya tatu akatokeza kichwa juu ya uzio kuuliza kuna nini.

"Ni mzima!" nikamwambia. "Mbwa ni mzima!"

"Alhamdulillahi," akasema, naye akacheka.

Kabla sijarudi Mikumi tulikwenda wote Kisanga, mama alitaka kuangalia mahindi. Mbwa alitangulia njiani. Mtoto alimfuata kwa mbali, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Tulipofika akaketi kwenye gogo na kutulia. Mbwa alizunguka shamba, akabweka kuelekea miti ya mtoni, akarudi akihema. Akamnusa mtoto magoti, kisha ule mkono wenye kovu, kwa muda, kisha akajilaza miguuni pake. Mtoto hakusogea. Alinigeukia macho yamemtoka, bila kupumua, na mimi nikampa ishara ya kidole mdomoni. Mama alikuwa ameshaingia katikati ya mahindi, akituita tukaone yalivyoanza kubeba.