Mtungi Nilioufinyangia Juu ya Ngoma ya Mume Wangu

Wajukuu zangu wakitaka kunichokoza huniuliza habari za ile ngoma, nami hujifanya sisikii, lakini leo nasema mwenyewe, maana aibu ukiisimulia mwenyewe angalau unachagua pa kuanzia.

Tulikuwa tunakaa Nambilanje, mimi na mume wangu Bakari Nangonga, miaka ile Wazungu walipokuja Nachingwea na matrekta kutufundisha kulima karanga, sisi tuliozitafuna tangu tuote meno. Bakari alikuwa kibarua huko, anang'oa visiki, anarudi Jumamosi na vumbi lote la Nachingwea, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa kupiga ngoma. Fundi Nangonga! Mimi nilikuwa mfinyanzi, mitungi yangu ilikuwa inachukuliwa mpaka Ruangwa, ila mimi sikuitwa fundi, niliitwa Mama Zuhura wa vyungu. Ngoma ya fundi ilikaa ukutani, imefunikwa shuka (nyumba nzima ilikuwa na mashuka mawili), na mimi nikawa na shamba la mtama, watoto watatu, mimba ya wa nne, na udongo wangu nje nikishamaliza hayo yote. Ndivyo tulivyogawana: yeye akachukua ufundi, mimi nikachukua vilivyobaki.

Wiki hiyo mke wa jumbe alitaka mtungi mkubwa wa maji. Sasa kwetu mtu anafinyanga chini, ameinama, anauzunguka mtungi kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kwa mimba ya miezi saba mgongo ulikuwa unanililia. Alhamisi nikaitazama ile ngoma, inanifika kiunoni, juu bapa, haina kazi mpaka Jumapili, na Fundi Mkuu yuko kwenye visiki. Nikaifunua, nikatandika jani la mgomba, nikaufinyangia mtungi wangu hapo juu, nimesimama wima kama bibi wa Kizungu, nikauacha hapo hapo ukaze, siku mbili.

Jumamosi asubuhi nikauondoa. Mtungi ulikuwa mzuri, sikupata kufinyanga mwingine kama ule. Lakini ngozi ya ngoma! Imelowa, imebonyea kama tumbo la mzazi wa jana, na duara la udongo katikati. Mwenye akili angekaa amngoje mumewe amwambie. Mimi nikaiosha (ngozi iliyoharibiwa na maji, naiosha kwa maji, wenye kusema sikusoma wapate ushahidi), nikaianika, ikakauka na mabaka, nikayapaka mafuta ya ufuta mpaka ikang'aa, nikairudisha chini ya shuka lake.

Jioni Bakari akafika hoi, akafunua, akapapasa.

"Binti Abdala, naona umeniangalizia ngoma yangu."

"Si kazi yangu, Baba Zuhura?"

Hakuipiga, maana alikuwa na mwiko wake kwamba ngoma haipigwi nyumbani kabla ya shughuli. Nikamshukuru Mungu kwa miiko.

Kesho yake tukaenda Nandagala kwa Mzee Salumu Mtopela, wajukuu zake wanatoka jando, watu wamejaa. Wapigaji walikuwa wawili, mume wangu na Issa Likwata wa Matambarale, watu walioshindana tangu ujana. Wakawasha moto wa nyasi wa kukazia ngozi. Ngoma ya Likwata ikakaza. Yetu ikaanza kunukia kama jiko la maandazi.

Bakari akajifunga kilemba, akainua mikono, akina mama tukapiga vigelegele (mimi wa kwanza, mnafiki mkubwa), akaishusha mikono. Pwa.

Akairudisha motoni, akapiga tena. Pwa.

"Kaka, umeinywesha uji?" akasema Likwata, na watu wakaangua kicheko.

Hapo ningesema, ingekuwa kicheko tu na yangeisha. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Bakari akasimama, jasho linamtoka, akasema, "Hii si ngozi, hii ni mkono wa mtu. Ngoma yangu imefungwa." Na shoga yangu Somoe Binti Hamisi, Mungu amrehemu na mdomo wake, akapaza sauti, "Jumatano si nilimwona Likwata uani kwenu?" Kweli alipita, aliomba maji, nikampa mimi.

Basi, uwanja ukageuka. Likwata anaapa kwa mama yake, wanaume wameshamzunguka, mwingine kamshika kanzu, wanasema aletwe mganga leo leo, amnyoe nywele kumvua uchawi. Nyinyi hamjui kunyolewa enzi zile. Mtu akishanyolewa uchawi hakuna wa kumwazima hata mbegu, na binti zake wanazeekea nyumbani. Likwata alikuwa na binti wanne, Hadija, Mwanaiba, Sofia na Tabia, wote wapo pale wanalia.

Nikainuka na tumbo langu. "Mwacheni. Ni mimi."

"Binti Abdala, kaa chini, jua limekupiga," akasema Bakari.

"Jua halijanipiga. Nimefinyangia mtungi juu ya ngoma yako. Mgongo ulikuwa unaniuma. Halafu nikaipaka mafuta ya ufuta isionekane."

Mzee Mtopela akainama, akainusa ngozi mbele ya watu wote, taratibu, kama anayenunua samaki. "Ufuta huu," akasema, "na ni mzuri."

Sikupata kusikia kicheko kama kile. Wanawake hawakungoja, wakanitungia wimbo hapo hapo, Somoe ndiye anaongoza: "Nangonga kapige chungu, ngoma mkeo kaifinyanga!" Bakari akamwendea Likwata, akampa mikono miwili, akasema, "Nimekukosea, ndugu yangu." Likwata akaitazama ile mikono kwa muda, kisha akaipokea, akamsogezea ngoma yake mwenyewe.

"Shika, kaka. Wimbo unakuhusu wewe, siwezi kuupiga mimi."

Na akaupiga! Mume wangu wa ndoa akaupiga wimbo wa kunisuta, akaupiga vizuri kuliko nyimbo zote nilizowahi kumsikia, watu wakacheza mpaka adhuhuri, na miaka mingi baadaye kila harusi ya huku kwetu nilikuwa naimbiwa, mwenyewe nimekaa na sahani yangu ya wali nacheka kwa meno ya mbele.

Tangu siku ile nafinyanga chini, nimeinama, na nikikosea nasema asubuhi hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajanyolewa kwa ajili ya mgongo wangu.