Firigisi ya Baba

Harufu ya manyoya ya kuku yakichomwa motoni hunirudisha Mikelenge, mtaa wa Kindu hapa Kongo, miaka ya vita, treni zimelala na chumvi inafika kwa ndege za mizigo tu. Baba alikuwa amekwenda machimbo ya Kama kutafuta dhahabu, njia ikafungwa nyuma yake. Nilibaki na bibi, mamaye baba. Kila tulipopata kuku, firigisi, ambayo kwetu huliwa na baba wa nyumba peke yake, bibi aliiweka kwenye kisahani na kuifunika. Ikianza kunuka alimpa paka, bila kuniangalia.

Jirani yetu alimpangisha chumba fundi wa ndege, Mrusi, tukimwita Kolia. Kiswahili alikiokota uwanjani kwa wapakiaji. Alasiri alikuja kukaa kwetu, akimweleza bibi jinsi nchi yake kubwa ilivyovunjika, viwanda vikafungwa, wanaume wakazama kwenye pombe, na sasa watu wanataka ya zamani yarudi: kanisa, mila, na kiongozi mmoja anayeogopwa kama baba mezani. Bibi aliguna tu. Mimi nilimeza kila neno.

Basi siku moja, bibi akiwa kisimani, nilifunua kisahani nikampa Kolia firigisi. Nilitaka abaki. Bibi aliingia akamkuta anatafuna.

“Njo yeye baba yako sasa?” aliniuliza, sauti chini. “Mwenyewe akirudi leo, atakula nini?”

Kolia alipoelezwa, alinawa mikono mara mbili. “Miye pia niko baba,” alisema. “Watoto yangu kule wanakula bila miye.” Baada ya wiki ndege ilimchukua. Baba hakurudi.

Leo nina maduka matatu karibu na bandari, na darasa la nne tu kichwani. Nitajie mwingine Kindu hii. Vijana wa dukani hunionyesha kwenye simu wakubwa wa Urusi wakihubiri Mungu, familia na mila za mababu, wakiikemea Ulaya. “Papa, huyu njo mwanaume,” husema. Nami huwajibu kwamba hayo niliyasikia hawajazaliwa, tena mdomoni mwa Mrusi mwenyewe. Nyumba yangu niliiendesha hivyo hivyo: nikisema, nimesema. Samaki mkunje angali mbichi. Wahenga hawakuniambia kwamba hata mbichi huvunjika. Binti yangu alichagua mume nisiyemtaka, nikamfukuza, mama yake akamfuata. Wavulana wako Lubumbashi, salamu zao hupitia kwa karani wangu.

Jumapili nilichinja jogoo, nikamchoma manyoya mwenyewe. Firigisi nikaila, maana baba wa nyumba yupo. Kisha paja la mke wangu, kidari cha binti, mabawa ya wavulana, nikavitenga kwenye visahani, nikavifunika.