Sahani ya Dada

Dada yangu alirudi nyumbani Msambweni mwaka wa zile mvua kubwa za Elnino, akiwa na begi moja na kikohozi tulichokisikia kabla hajafika mlangoni. Alikuwa amefanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya Diani kwa miaka sita. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nawaza safari tu, popote mradi si nyumbani. Nilipoona alivyopungua, nikaacha kuwaza.

Alikuwa na Ukimwi. Siku hizo neno hilo halikutamkwa. Watu walisema "ule ugonjwa" na kuangalia pembeni. Dawa zake tulisikia ziko Ulaya. Sisi tulikuwa na muuguzi wa zahanati, mwanamke wa bara, naye hakumficha mama.

"Dawa sina, mama. Lakini kinga ya mwili wake tunaweza kuisaidia."

Akamweleza. Maji yachemshwe, maana kipindupindu kilikuwa kimeshaingia vijijini pamoja na mvua. Chakula kiwe cha moto, kiwe na mboga, samaki, maharagwe na matunda. Alale ndani ya chandarua, aote jua la asubuhi. "Mumkinge," akasema. "Homa ndogo kwenu, kwake ni kubwa. Na asipokula, hayo mengine yote ni bure."

Kesho yake mama alikwenda madukani Kona ya Musa, akarudi na sahani ya bati yenye maua, kikombe na kijiko. Vya dada peke yake. Alivichemsha, akavianika juani, akavifunika kwa kitambaa cheupe. Wakati wa kula, mimi na mama tulikaa mkekani mbele ya sinia kama kawaida, na dada akapelekewa chakula chake barazani. Mnofu mzuri ulikuwa wake. Mchunga mama aliuchuma mwenyewe, akauchemsha kuutoa uchungu, akautia nazi.

Sahani ilirudi tupu kila siku, na dada akazidi kukonda.

Adhuhuri moja nilizunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta akimlisha paka samaki wake, kibua kizima.

"Huyo paka atakufa kwa unene," nikamwambia.

Hakucheka. "Usimwambie mama."

"Mbona huli, dada?"

"Wewe umeona wapi mtu wa nyumba hii akapakuliwa peke yake? Hata mpita njia hukaribishwa siniani. Mimi nawekewa kando kama mbwa wa jirani. Mama ananiogopa, nami simlaumu. Lakini hakipiti kooni, wallahi."

Sikuwa na ulimi wa kumwambia mama maneno hayo. Nikatia miguu kwenye matope mpaka zahanati, nikamweleza muuguzi. Siku ya pili alifika kwetu kabla ya chakula cha mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Mama akainua kile kitambaa kwa fahari. "Tazama, vyombo vyake hivi. Hakuna mkono mwingine unaovigusa."

"Hii sahani, nani alikwambia ununue?"

"Si wewe? Ulisema nimkinge."

"Aii, mama! Nilisema umkinge na uchafu, si na nyinyi." Akachuchumaa karibu naye. "Ugonjwa wake haupiti kwa sinia. Mnaweza kula naye kila siku na hautawapata. Shida ni mikono yenu. Huyu kijana wako anatoka chooni, ananawa na maji matupu, halafu anaingiza vidole kwa chakula. Kila mtu anawe na sabuni, mpaka chini ya kucha. Mwenye mafua ndiye akae kando, si yeye. Anaona mnamwogopa, ndiyo sababu chakula hakimshuki."

Mama alimgeukia dada pale barazani. "Ulidhani nakuogopa?"

Dada akaitikia kwa kichwa.

"Niliogopa kukuua, mwanangu. Kwa mikono yangu hii."

Sitaki kumdanganya mtu: hatukumponya. Tulikaa naye mwaka mmoja na miezi kadhaa, muda mwingi akiwa na nguvu za kutembea asubuhi mpaka ufukweni na kurudi akiwa na njaa. Baada yake nilianza kuhamahama, na sijatulia mpaka leo, nami nimevuka arubaini. Nimeishi Vanga, nimeishi Taru, na kote huko nikimkumbuka simwoni kitandani. Namwona mchana ule.

Mama alileta birika, beseni na kipande cha sabuni ya mche. Alinawa yeye kwanza, akisugua kila kidole peke yake. Kisha akanishika mkono na kuukagua.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena. Hiki nini hapa?"

"Mkate vidole kabisa, mama," dada akasema. "Tutakula upesi."

Ilikuwa mara ya kwanza kutania tangu arudi. Akanawa, akaketi mkekani, goti lake likigusa langu. Mama akachambua samaki, akatoa miiba mmoja mmoja, akausogeza mnofu juu ya wali mpaka upande wa dada. Dada akauchukua. Akautia kinywani, akatafuna polepole, akameza. Kisha akanyoosha mkono mpaka upande wangu na kuuchukua mnofu wangu pia.

"Mama, huyu ananilia samaki!"

"Sogea," mama akasema, hakuinua uso. "Unamzibia mkono."