Mkanda Uliokataliwa Mnadani

Msije mkadhani niliajiriwa kwa elimu yangu. Niliajiriwa kwa kuwa mwanamke, basi. Ibra kuna soko la wanawake siku ya Jumatano, na mwanamume hatii mguu mle. Vitu vizuri vya fedha vya zamani, bangili, furungu na visanduku vya hirizi, vilikuwa vikitoka mikononi mwa mabibi ndani ya soko lile, na Mudir, yaani meneja wa tawi la Ibra la duka letu la vitu vya kale, na masharubu yake yote, alikuwa akisimama nje juani kama mtu aliyesahau funguo. Ndipo akanitafuta mimi. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Nilizaliwa Unguja, nikaja Omani msichana, na Kiarabu changu bado kilikuwa kikichekwa.

"Ingia," aliniambia siku ile ya kwanza. "Ila usinunue kitu kabla hujakigeuza nyuma. Mbele ni pa kuonyesha watu. Nyuma ndipo utapoona kazi ya fundi."

Nikaingia, nikageuza. Mabibi wakanicheka. "Huyu Mzinjibari anakagua bangili kama anakagua samaki!" Lakini nilijifunza. Fedha ya zamani ina ubaridi wake mkononi, na kingo zake zimelainika kwa kuvaliwa. Iliyofuliwa juzi ina makali. Nilijifunza pia vyombo vya wanaume, maana mume akifa, mjane ndiye anayevileta sokoni. Kulikuwa na talahiki, kichupa cha fedha cha kutilia baruti, kinachoning'inia mkandani. Kulikuwa na pete za fedha zilizokaza mtutu wa bunduki za fatila, zile za kuwasha kwa utambi. Na kulikuwa na mahzamu, mkanda wa ngozi ulioshonewa vifuko vya fedha, kila kifuko cha kutia risasi moja. Mwanamume aliuvaa harusini na Sikukuu, wakati wa kucheza razha, ngoma ya wanaume. Bunduki inarushwa juu, inadakwa, watu wanapiga kelele za furaha. Hakuna aliyekuwa akimtisha mtu.

Baadaye nikahamishiwa Sur. Mudir wa Sur alikuwa mtu mzima sana, mpole, na kazi ya mnada aliijua kuliko watu wote niliopata kufanya kazi nao. Yeye ndiye aliyenifundisha bayana. Kwetu dalali anapotembeza kitu mnadani anakitaja kilivyo: kina ufa, kimeungwa, kilikuwa cha kazi gani. Akificha, biashara imeharibika mbele ya watu na mbele ya Mungu. "Bayana kwanza, Zuwena, bei baadaye," alikuwa akiniambia. "Na ukiulizwa, jibu. Mwenye kuuliza mnadani ana haki." Nikalishika neno lile, wala sijaliacha.

Nilipohamishiwa Nizwa tumeshaingia elfu mbili. Mudir wa Nizwa alikuwa kijana, kazaliwa Bujumbura, watu wake wa Sharqiyah, mashariki ya Omani. Mwerevu, mcheshi, mkarimu, lakini haraka! Alikuja na kompyuta, na kamera isiyotaka filamu, na habari ya mnada wa kwenye mtandao.

"Mama Zuwena, dunia nzima itaingia dukani kwetu," akasema. "Wewe piga picha, andika Kiingereza chako, tupate kastoma."

Mtandao wenyewe ulikuwa wa simu. Unalia kwanza kama paka aliyebanwa na mlango, ndipo unashika, na mtu akipiga simu dukani unakatika. Nikavumilia. Kitu cha kwanza nilichotia kilikuwa talahiki moja nzuri, kazi ya fundi wa Nizwa, haikuwa na baruti ndani tangu babu zetu. Asubuhi yake imeondolewa. Ujumbe umekuja: tangazo lako linahusu silaha au vifaa vya silaha, linakwenda kinyume na masharti yetu, asante kwa kuelewa.

Asante kwa kuelewa! Nimeelewa nini? Nikaandika, kwa adabu zote, kwamba kile ni kichupa. Hakipigi mtu. Ukimrushia mtu usoni labda. Nikajibiwa ujumbe ule ule, neno kwa neno, na asante yake.

Nikatia pete za fedha za mtutu, bila mtutu. Zikaondolewa. Nikatia dele la kahawa. Dele, jamani, la kahawa! Likaondolewa, kwa sababu nyuma ya picha ukutani ilionekana bunduki ya fatila tuliyoitundika kuwa pambo. Nikaitoa bunduki ukutani, nikalipiga dele picha upya, likapita. Na jambia je? Jambia lenye makali pande mbili, la kumtoa mtu matumbo, lilipita siku ile ile na watu wakalipandishia bei. Nilicheka, kisha nikataka kulia. Asiyejua maana haambiwi maana.

Na haya nayatazama huku Ijumaa asubuhi, nje ya duka letu pale sokoni Nizwa, wanaume wameketi na bunduki mapajani wanauziana, na pembeni yao mnada wa mbuzi unaendelea, na askari anapita anawaamkia. Nikirudi ndani nakatazwa kuuza mkanda!

Huo mkanda ndio hasa ninaotaka kuwaambieni.

Aliuleta Bi Thuraya, bibi wa Ibra niliyemjua tangu zile Jumatano zangu za mwanzo. Alikuja Nizwa na gari ya mjukuu wake, kaukumbatia ndani ya leso.

"Shikamoo, Bi Thuraya."

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie pahala nikae, na ufunge mlango."

Ulikuwa mahzamu wa marehemu baba yake. Wallahi sijapata kuona mwingine kama ule, si kabla wala baadaye. Nikaugeuza nyuma, na nyuma kulikuwa kuzuri kama mbele. Mshono wa mkono, vifuko vyote vipo, jina la baba yake limechorwa ndani ya bizimu, mahali ambapo mwenyewe tu angeliona.

Sasa desturi yetu mnaijua, na kama hamwijui, jueni leo. Fedha kwetu haikai. Mwenyewe akifa inapelekwa kwa mfua fedha, inayeyushwa, inafuliwa upya. Ndiyo maana vya kale ni haba. Kaka yake Bi Thuraya, aliyekuwa akiuweka mkanda, alikuwa amefariki, na watoto wa kaka, warithi wenziwe, walitaka mkanda uyeyushwe ufuliwe bangili za kuuzia watalii, mapato wagawane. Bi Thuraya akawaomba, akawaomba, mwisho wakampa muda hadi Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Akipata mnunuzi wa kuuchukua mzima, sawa. Asipopata, moto.

"Sitaki bei kubwa," akaniambia. "Nataka mtu atakayeuweka kama ulivyo. Hata awe Mzungu, hata awe wapi. Baba hana kaburi ninalolijua, Zuwena. Hana picha. Ana huu."

Nikamwahidi nitamtafuta mtu huyo. Mshahara wangu haukufika kuununua mwenyewe, na Mudir nilipomwambia duka liuchukue, alisema duka si makumbusho. Wenyeji walikuwa wakinunua fedha kwa mizani. Watalii waliuona, wakaushika, wakapiga nao picha, kisha kila mmoja akauliza uwanja wa ndege watasemaje. Ukabaki mtandao.

"Usiandike risasi," Mudir akanionya. "Andika mkanda wa mapambo. Simpo."

Nikafikiri. Mkanda ni mkanda, na mapambo yapo. Uongo haumo. Nikaandika hivyo, nikaupiga picha nzuri, na ukapita! Watu wakaanza kuutaka. Alikuwepo bwana mmoja wa nchi ya baridi, mkusanyaji wa vitu vya Arabuni, aliyeandika kwamba akiupata atauweka kwenye kabati la kioo pamoja na jina la mwenyewe. Nikamsomea Bi Thuraya kwenye simu, akalia, akaniombea dua hata nikaona haya.

Basi siku mbili kabla ya kufungwa mnada, bwana yule yule akauliza swali, pale ambapo kila mtu analisoma: vile vifuko ni vya kutilia risasi?

Nifanye nini? Anauliza mnunuzi, mnadani. Nikamjibu kwamba naam, ni vya risasi, vyote ni vitupu, na kimoja kimeungwa upya upande wa kushoto. Bayana kamili. Haikupita saa, mkanda umeondolewa, na safari hii na akaunti ya duka imefungwa mwezi mzima. Na majina ya wote walioutaka yamekwenda nayo, sina pa kumwandikia yule bwana. Hesabuni wenyewe: mwezi ule Sikukuu iko ndani yake.

Mudir alishika kichwa. "Mama Zuwena! Nani kakutuma ujibu?"

"Kaniuliza."

"Si ungenyamaza!"

"Mnada bila bayana ni wizi, Mudir. Wewe ungenyamaza?"

"Mimi ningesema vya kutilia kalamu!"

Nilitamani kumtupia lile dele. Lakini alikuwa na haki ya kukasirika, duka zima limefungiwa kwa neno langu. Na mimi nilikuwa na haki ya kujibu. Leo nikiulizwa, nitajibu vile vile. Waliokosa haki ni wale wa huko mtandaoni, wasio na uso wala jina, wanaosoma neno risasi wasiangalie kitu. Niliwaandikia barua, Mola ndiye anayejua ngapi. Nikawaeleza razha, nikawaeleza Sikukuu, nikawaeleza Bi Thuraya na baba yake. Nikaomba mtu, mtu mmoja tu mwenye macho, autazame. Kila barua nilijibiwa kwa ujumbe ule ule. Asante kwa kuelewa.

Mudir akaja na shauri la mwisho. Tuvikate vifuko, tubakishe ngozi na bizimu, akaunti ikifunguliwa tuutie kama mshipi wa kawaida, naye atawaomba warithi waongeze muda. Alisema kwa nia njema, namshuhudia. Nikakataa kuushika mkasi, nikampigia Bi Thuraya, maana mkanda ni wa baba yake.

Akasema, "Mahzamu bila vifuko ni kamba ya mbuzi. Mwambie Mudir wako ahsante. Nirudishieni."

Nikaupeleka mwenyewe Ibra. Sikukuu ikafika. Sikuenda kutazama razha mwaka ule, nilikaa ndani nikisingizia kichwa.

Baada ya Sikukuu Bi Thuraya alikuja tena dukani, na leso ile ile. Safari hii hakuniambia nifunge mlango. Akafungua, bangili. Nyingi, zinang'aa, nene, kazi ya haraka haraka. Nikazishika, zina makali.

"Watoto wa kaka wamesema uwauzie hizi," akasema. "Zitie huko kwenye mnada wako. Hizi hazitamtisha mtu."

"Bi Thuraya, na bizimu?"

"Imo humo. Yote imo humo. Ngozi ndiyo niliyobaki nayo mimi, waliona haina faida."

Nilimpa kahawa, hakuinywa. Tukakaa mpaka mjukuu wake akapiga honi.

Akaunti ilipofunguliwa nikazitia bangili zile. Nilitarajia angalau washtuke kidogo, waulize, wachelewe. Ng'o! Zilipita papo hapo. Fedha ile ile, wanangu, gramu kwa gramu, iliyokuwa hatari kwa dunia nzima mwezi uliopita. Mudir akafurahi, akasema sasa tunaijua njia: tuwe tunayeyusha kabla. Wala hakuwa anatania. Siku ile nikamwomba aniandikie barua ya kustaafu. Alidhani nimeudhika na yeye, akaniomba radhi, akaleta halua. Halua niliila. Barua nayo nikaichukua.

Sasa nimekaa nyumbani, na mabinti zenu wanaouza vitu kwenye simu zao huja kuniuliza siri ya biashara. Nawaambia geuza nyuma, taja kasoro, ukiulizwa jibu. Wananitazama kwa huruma. Mmoja aliniambia, "Bibi, hiyo ya zamani." Naam, ya zamani. Mimi nilitumikia vitu vya zamani maisha yangu yote, na sikuona vikivunjwa na adui. Vilivunjwa na watu wenye adabu, kila mmoja kafuata sharti lake.

Bangili zile alizinunua mwanamke mmoja wa ng'ambo. Zilipomfikia aliniandikia, kwa upole mwingi, kwamba ni nzuri na zinamkaa mkononi, ila anaona fedha yake imefuliwa juzi tu. Akauliza kama nina chochote cha zamani kweli, kilichovaliwa na mtu, chenye jina la mwenyewe.