Nilimsingizia Mama Koku Uchawi

Naandika kwa aibu, ila kwa shukrani zaidi. Miguu yangu ilipokufa ganzi, niliamini jirani yangu, Mama Koku, ameniroga, nikaacha kumsalimia. Hata hivyo, nilipoanguka kwenye migomba, ni yeye aliyenifikisha hospitali Muleba.

Nilimnong'oneza daktari kwamba nimerogwa.

"Mama, umemeza metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Inaweza kupunguza vitamini B12, mishipa ya fahamu ikaumia. Usiiache, ila tupime damu. Ikiwa B12 imepungua, tutakuchoma sindano za vitamini."

"Kumbe si Mama Koku aliyeniroga!" nikaropoka.

Nilipogeuka, Mama Koku alikuwa mlangoni, ameshika kandambili yangu iliyonivuka bila mimi kuhisi.

"Mimi tena?" aliuliza taratibu. Kisha akainama, akanivisha.